Kifuniko chekundu na taa ya mukene: kisa cha mwalo wa Majanji

Mama mwenyekiti aliweka mukene watatu, wale dagaa wadogo wa ziwani, kiganjani, akawasogeza chini ya taa niliyomuuzia mwaka uliopita, kisha akawapeleka chini ya tochi ya mvuvi. Ilikuwa kabla ya alfajiri, mwalo wa Majanji, upande wetu wa Busia, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, mitumbwi ikishusha.

"Fundi, samaki hawa ni wa usiku huu au wa jana?"

Niliinama nikatazama. Chini ya taa zote mbili walikuwa fedha tupu, fedha baridi yenye kupiga bluu. Ule wekundu kidogo wa mashavuni, ambao ndio alama ya samaki mbichi, haukuonekana kabisa. Sikuweza kumjibu.

"Nasi tunanunua hivyo hivyo," akasema. "Kukicha ndipo tunajua tumeuziwa nini."

Kikundi chake ni cha kina mama wanaopokea mukene mwaloni, wanawaanika na kuwauza. Walitaka taa 40 mpya za sola, na safari hii walikuja na sharti. Mpwa wa mmoja wao anayesoma chuo alikuwa amewaeleza kwamba weupe wa taa za LED unatokana na madini adimu, mengi yake yakitoka China, na kwamba wataalamu wanatafuta rangi za ogani zishike nafasi yake. Kina mama waliposikia "ogani" wakaona manjano, ile bizari ya jikoni, wakaona majani ya shambani. Wakaniuliza kama naweza kuwatengenezea taa ya mwanga wa uvuguvugu, wenye kuelekea rangi ya kibatari, kwa rangi za hapa hapa, bila hayo madini. Nimekaa na swali hilo miezi kadhaa. Naandika nilichojaribu na nilichoamua, kwa sababu najua mafundi wengine wa sola wataulizwa vilevile.

Tuanze na taa yenyewe. Ukifungua LED nyeupe utaona kitone cha njano, kama tone la uji wa mahindi. Chini ya tone hilo kuna chipu, na chipu hiyo haitoi mwanga mweupe hata kidogo. Inatoa bluu ya nanomita 450 hivi, nanomita zikiwa kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake. Tone la njano ni unga wa fosfa uliochanganywa na silikoni. Unameza sehemu ya bluu, unaitoa ikiwa njano, na ile bluu iliyopenya inaungana na njano, jicho likadanganyika likaona nyeupe. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi ya LED ya bluu, kwani bila bluu hiyo hakuna nyeupe.

Unga huo wa njano ni fuwele ya itiriamu, aluminiamu na oksijeni, iliyotiwa seriamu kidogo sana; itiriamu na seriamu ni miongoni mwa hayo madini adimu. Ukipiga hesabu ya uzito wa atomi zake, itiriamu peke yake ni karibu asilimia 45 ya fuwele nzima. Hiyo inatoa njano nzuri lakini ina nyekundu kidogo mno, na ndiyo sababu taa za bei rahisi ni nyeupe ya baridi. Kiwanda kinachotaka mwanga wa uvuguvugu huongeza unga wa pili, mara nyingi wa naitraidi yenye yuropiamu, ambayo nayo ni madini adimu, unaotoa nyekundu. Kwa hiyo mama mwenyekiti alipolalamika kwamba haoni mashavu ya samaki, alikuwa analalamikia nyekundu iliyokosekana. Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimemuuzia taa kwa kuangalia ung'avu peke yake.

Hofu ya yule kijana kuhusu China nayo haikuwa ya bure. Mwaka 2010 China ilibana uuzaji wa madini haya nje, na mwaka uliofuata bei zikapanda kupita kiasi. Aprili 2025 iliweka masharti mapya ya kuuza nje madini saba, itiriamu ikiwa mojawapo. Mtu akiuliza kwa nini tujali sisi wa Busia, ajue kwamba kila taa tunayouza imebeba chembe ya unga huo.

Na hapa mmoja wa kina mama aliniuliza swali lililonifurahisha sana: "Si tunasikia udongo wa madini hayo uko hapa Makuutu?" Ni kweli. Ukitoka Busia kwenda Jinja, ukishapita Bugiri, kusini ya barabara kuu kuna udongo wa mfinyanzi wenye madini adimu yaliyoshikamana na chembe zake, na itiriamu imo. Lakini njia ni ndefu kutoka udongo ule hadi kwenye kitone cha njano. Udongo huo huoshwa kwa maji ya chumvi kama amoniamu salfeti ili madini yaachie. Kinachopatikana ni mchanganyiko wa madini zaidi ya kumi yanayofanana kama mapacha, na kuyatenganisha ni kazi ya viwanda ambavyo vingi viko China. Baada ya hapo fosfa inachomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,500 na zaidi. Udongo wa aina hii ulichimbwa miaka mingi kusini mwa China, mkoani Jiangxi, na maji ya huko yaliumia vibaya. Natamani Makuutu tufanye vizuri zaidi. Lakini hata wakifanya vizuri, taa ya Majanji haitanufaika nayo leo wala kesho.

Basi nikajaribu rangi.

Nilianza na manjano, kwa sababu ndiyo waliyoitaka, na kwa sababu niliheshimu wazo lao. Kurkumini, ile rangi iliyomo ndani ya bizari ya manjano, kweli inang'aa ikipigwa na bluu. Niliroweka unga wa sokoni kwenye spiriti, nikachuja kwa kitambaa, nikauchanganya na gundi ya epoksi na kudondosha juu ya chipu tupu ya bluu. Ilipowaka, kijana wangu wa karakana alipiga makofi. Ilikuwa njano ya kijani, kama embe linaloanza kuiva. Tukaiacha ikiwaka usiku mzima. Asubuhi tone lilikuwa limepauka katikati, duara dogo lisilo na rangi mahali palipogusana na chipu, na bluu ilikuwa inatoka humo wazi kama jicho. Usiku wa pili duara lilikuwa limekula tone lote.

Mke wangu alipoona akaniambia jambo nililolijua tangu utotoni na sikulifikiria. Pilau ikidondoka kwenye kanzu, doa la manjano ukilipaka sabuni linageuka jekundu, lakini usihangaike nalo: fua, anika juani, jioni limekwisha. Manjano haiwezi jua. Kila mwanamke wa pwani na wa bara anayefua kanzu anajua kemia hiyo. Na mwanga juu ya uso wa chipu ni mkali kuliko jua la saa sita.

Nilisoma kuhusu rangi nyingine za asili, nikaona zinaanguka kwa njia zao. Riboflavini, vitamini iliyo kwenye maziwa, inameza bluu vizuri na kutoa kijani-njano, lakini mwanga huohuo unaivunja, ndiyo maana maziwa hayawekwi kwenye chupa angavu juani. Klorofili ya majani inatoa nyekundu, ila ni nyekundu ya nanomita 670 na zaidi, iliyozama mno hata jicho haliioni vizuri. Unatumia umeme wako kuangaza kitu ambacho mteja hakioni. Wapo watu makini wanaofanya kazi kubwa upande huu. Rubén Costa na wenzake huko Ujerumani wanatumia protini zinazong'aa, zinazotengenezwa na bakteria, zikiwa zimefungwa ndani ya plastiki, na kazi yao naifuata kwa hamu. Lakini haijafika mahali ambapo naweza kuiagiza.

Hebu nieleze kinachotokea, kwani hapa ndipo uamuzi wote ulipozaliwa. Fosfa ya madini ni jiwe. Chembe ya seriamu imekaa katikati ya fuwele ngumu, inameza mwanga, inatoa mwanga, mabilioni ya mara, na jiwe linabaki jiwe. Rangi ya ogani ni molekuli moja moja. Kila inapomeza mwanga inakuwa imeamka, na katika ule muda mfupi wa kuwa macho, oksijeni ikiwa karibu inaweza kuishika na kuing'ata. Uwezekano wa mara moja ni mdogo sana, lakini mwanga unapiga bila kupumzika, na joto linaongeza kasi. Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kupigania: kupunguza mwanga unaoangukia kila molekuli, kuondoa joto, kuzuia hewa.

Jambo la kwanza ni rahisi kuliko linavyosikika. Chipu ya milimita moja kwa milimita moja inatoa mwanga wake wote kwenye eneo hilo. Ukiiondoa rangi juu ya chipu ukaiweka kwenye kifuniko cha sentimita 6 kwa 5 kilichoinuliwa juu yake, mwanga uleule sasa umetandazwa kwenye milimita za mraba 3,000. Kila molekuli inapigwa mara elfu tatu pungufu. Na joto linabaki nyuma, kwenye bamba la aluminiamu. Njia hii ya kutenganisha unga na chipu si ngeni. Philips waliitumia, kwa fosfa, kwenye balbu iliyoshinda tuzo ya L Prize ya Marekani mwaka 2011, ile iliyokuwa ya njano ikizimwa na nyeupe ikiwashwa.

Sasa rangi ipi? Nilikuwa Nasser Road, Kampala, kuchapisha kadi za dhamana, na kwa jirani mchora mabango nikaona vipande vya akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, ya rangi inayong'aa, zile ambazo kingo zake zinawaka kama zina umeme. Nyingi za rangi hizo zinazodumu ni za jamii ya perileni, rangi za ogani za kiwandani, zilezile wanazofanyia majaribio watu wa taa. Perileni nyekundu inameza bluu, kijani na njano, inatoa nyekundu ya chungwa karibu na nanomita 610, na karibu kila chembe ya mwanga inayoingia inatoa chembe nyingine. Nilinunua mabaki ya akriliki nyekundu, membamba, kwa bei ya soda chache.

Kipande kizima juu ya taa kilikuwa kosa. Mwanga ukawa mwekundu kama wa kinyozi na hafifu. Nikakata vipande vidogo nikavipanga kama vigae juu ya akriliki angavu, vikifunika sehemu tu ya uso, nikavihesabu na kuvipunguza mpaka nyeupe ya baridi ikawa nyeupe ya kibatari. Lakini bado nilikuwa napoteza mwanga mwingi, na sikuelewa kwa nini mpaka nilipoitazama taa kwa ubavu: kingo za vigae zilikuwa zinawaka kuliko uso. Akriliki inaukamata mwanga uliozaliwa ndani yake. Kwa kipimo chake cha kupinda mwanga, ambacho ni 1.49, karibu robo tatu ya mwanga huo unagonga uso kwa mshazari, unarudi ndani, na kukimbilia kingoni.

Nilichukua msasa. Nikasugua uso wa kigae kimoja kwa duara, taratibu, mpaka kikawa na ukungu kama kioo cha bafuni. Kingo zikazimika, uso ukajaa. Sikuongeza hata shilingi moja ya umeme. Kwa mtu aliyekaa na mita na lehemu maisha yake yote, lile lilikuwa tukio la kunyamazisha. Nilisugua vilivyobaki vyote usiku uleule.

Hapo nikakumbuka usalama. Mpango wangu wa mwanzo ulikuwa chipu tupu za bluu chini ya kifuniko cha rangi, njano na nyekundu pamoja, ili nisitumie fosfa kabisa. Ndivyo kina mama walivyoniomba. Lakini mwaloni vitu huanguka. Kifuniko kikivunjika, mtoto aliyeshikilia taa anatazama bluu tupu, na bluu kali namna hiyo inaumiza retina bila jicho kuhisi. Sikuwa tayari kuuza kitu hicho. Nikachagua LED nyeupe ya baridi ya kawaida, yenye fosfa yake ya njano, na kifuniko cha rangi kiongeze nyekundu peke yake. Kikivunjika, inabaki taa nyeupe.

Maana yake sijaondoa madini adimu yote, nami niliwaambia hivyo wazi. Nimeondoa yuropiamu, ambayo ingehitajika kwa mwanga wa uvuguvugu. Seriamu na itiriamu zimebaki. Seriamu hainiumizi kichwa: jina "adimu" linaidhulumu, kwani katika ardhi ipo kwa wingi unaokaribiana na wa shaba. Yuropiamu ni kidogo mno ukilinganisha. Itiriamu bado ina mkono wa China. Na kuna bei nyingine tunayolipa. Kila chembe ya bluu inayogeuzwa nyekundu inaacha robo ya nishati yake kama joto, hata kama rangi ni kamilifu, na kifuniko changu cha kukatakata kwa mkono si kamilifu. Taa hizi zinatoa mwanga pungufu kuliko zile za baridi kwa betri ileile.

Tena nikasema nao kuhusu neno "ogani", kwa sababu sikutaka wanunue jina. Kwa mkulima, ogani ni kitu kisichowekwa dawa. Kwa mkemia, ogani ni kitu cha kaboni, basi. Perileni haioti shambani. Chanzo chake ni lami ya makaa ya mawe na mafuta, na kuitengeneza kunahitaji viyeyusho vikali. Mama mwenyekiti alikaa kimya, kisha akauliza lililo la maana zaidi: "Itadumu?"

Nilijaribu kujibu kwa vitendo. Taa sita zilikwenda mwaloni kabla ya oda kubwa. Baada ya msimu mmoja wa mvua, nne zilikuwa salama. Mbili zilikuwa zimepauka vibaya, vigae vyake vikiwa vya rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Nilidhani ni akriliki ya bunda jingine. Kumbe ni taa zile mbili zenye paneli mgongoni, ambazo ili zichajiwe zililazwa juu ya chanja pamoja na mukene, kutwa nzima, jua la ziwani likizipiga. Taa zile nne zilikuwa na paneli ya waya juu ya bati, zenyewe zikiwa ndani. LED haikuwa imeiua rangi. Jua ndilo lililoiua, kama kanzu ya pilau. Na kwenye taa hizo sita, pamoja na zote za zamani za kikundi hiki nilizowahi kuzifungua, hakuna hata moja iliyokufa kwa sababu ya fosfa. Zimekufa kwa betri, kwa swichi, kwa kutu ya unyevu na maji ya samaki.

Wenye viwanda hupima LED kwa saa 6,000 na zaidi kabla ya kutaja umri wake, na huihesabu imezeeka mwanga ukishuka hadi asilimia 70. Saa 6,000 ukiwasha saa 4 kila usiku ni miaka minne na ushei. Siwezi kuapa kwamba kigae changu kitafika huko. Ikiwa kifuniko kimeunganishwa na taa, basi siku kinapopauka taa nzima inatupwa, betri na chipu na itiriamu yake, na tutakuwa tumechafua zaidi ya tulichookoa.

Jibu lilitoka kwa mzee wa mitumbwi aliyekuwa akisikiliza. Alinikumbusha karabai. Kabla ya LED, wavuvi wa mukene walitega kwa karabai, na ndani ya karabai kulikuwa na kile kifuko cha wavu mwepesi, kikiwashwa mara ya kwanza kinakuwa jivu jeupe linalong'ara, na ukikigusa kinabomoka. Hakuna aliyetupa karabai kwa sababu kifuko kimebomoka. Ulikwenda dukani, ukanunua kingine, ukafunga. Nami nikamwambia jambo ambalo hakulijua: kifuko kile, tangu Carl Auer von Welsbach alipokiboresha huko Austria mwishoni mwa karne ya 19, kwa miaka mingi kilikuwa thoriamu pamoja na seriamu kidogo. Seriamu ileile. Imewaka juu ya Ziwa Victoria tangu enzi za babu zake.

Kwa hiyo nimezitengeneza 40 kwa mfano wa karabai. Kifuniko kinashikwa na skrubu mbili za kawaida, si gundi. Vigae vimekaa kati ya akriliki mbili angavu, kingo zimezibwa kwa silikoni ili hewa na mvuke visiingie kirahisi. Paneli ni ya waya, taa inabaki kivulini. Mgongoni nimeandika kwa kalamu ya wino mzito mwezi na mwaka wa kufungwa. Kila taa kumi zina vifuniko viwili vya akiba, na bei ya kifuniko tumeipatana kabla, isije ikapanda siku wakikihitaji. Kwa manjano nimesema hapana, na wamekubali, ingawa mmoja wao bado anaamini nilikosea kipimo.

Kundi la kwanza nililipeleka mwenyewe, usiku wa giza, kwani penye mbalamwezi mukene hawavuliwi vizuri. Mama mwenyekiti alichota kiganja kimoja kutoka beseni la kwanza na kimoja kutoka la pili. Akavileta chini ya taa. Upande wa kushoto mashavu yalikuwa na wekundu, kama uzi. Upande wa kulia yalikuwa ya kijivu. Hakuniuliza kitu. Alimrudishia mvuvi beseni la pili, wakaanza kubishana bei.

Kifuniko kimoja nimekibakisha karakana, kimefungwa kwenye gazeti ndani ya droo yenye giza. Wakirudisha cha kwanza kulalamika, tutaviweka kando kwa kando.